Kaburi Haliandikwi Kwenye Taito

Barabara ikishatoka Kisii na kuteremka Rongo, Awendo mpaka Migori mjini, angalia kuta. Kama ilivyo karibu kila mahali Kenya, utaona maandishi ya rangi yaliyochorwa kwa mkono: "Ploti hii haiuzwi." Mgeni anaweza kucheka. Dukani hakuna anayebandika orodha ya vitu asivyouza, sasa kwa nini mtu atangaze kwamba ploti yake haiuzwi? Mkenya hacheki. Anajua maandishi yale yanamlenga ndugu, mtoto, mume au tapeli fulani ambaye tayari anatafuta mnunuzi.

Yaani mwenye ploti hana imani kwamba karatasi iliyoko ofisi ya ardhi itamtosha. Ameamua kuandika rejista yake mwenyewe ukutani.

Insha hii inahusu upande wa pili: ukuta usio na maandishi, muuzaji asiyesema kitu, na mnunuzi anayegundua baadaye.

Tuseme hivi. Una miaka thelathini na kitu, unafanya kazi Nairobi, umeweka akiba kwenye sacco kwa miaka sita. Rafiki anakuunganisha na mtu anayeuza ploti ya hamsini kwa mia, imekatwa kutoka shamba lililo nje kidogo ya mji wa Homa Bay. Bei poa. Unafanya sachi ofisi ya ardhi: jina la muuzaji liko, hakuna deni la benki, hakuna zuio. Mnaandikiana, unalipa, unapiga picha umeshika karatasi. Miezi minne baadaye fundi anaanza kuchimba msingi, na mama mzee anatoka nyumba ya pili, anakuja polepole.

"Nyathina," anasema, mwanangu, "hapo unapochimba amelala mume wangu."

"Dani, mimi nilinunua hapa."

"Kwa nani?"

Mfano huu nimeutunga, lakini umbo lake si geni. Soma hukumu za Mahakama ya Mazingira na Ardhi za Migori na Homa Bay na utakutana nalo tena na tena, likiwa na majina mengine. Na swali la yule mama ndilo swali la historia nzima ya ardhi ya pande hizi: uliyemlipa alikuwa na haki ya kuuza nini hasa, na ni mizigo gani aliyoinyamazia?

Kabla ya karatasi

Waluo waliofika kusini mwa Ghuba ya Winam walichanganyika na Wasuba, na kusini zaidi wakapakana na Wakuria. Ardhi ilikuwa ya ukoo, kwa maana kwamba uliingia kwenye ardhi kupitia watu. Mtu wa ukoo wenye ardhi aliitwa wuon lowo. Mgeni aliyepewa mahali pa kulima kwa hisani, labda kwa sababu ya undugu wa mama au urafiki, aliitwa jadak. Jadak alilima, akaoa, akazaa, hata akapata wajukuu hapo hapo, lakini kila mtu alijua amekuja kupitia kwa nani. Haki yake ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa na mipaka, na mipaka hiyo ilitunzwa vichwani mwa wazee.

Boma, dala, lilikuwa zaidi ya nyumba. Mwenye boma huzikwa bomani kwake. Boma likihamwa, mahali pake panaitwa gunda, na watu wanaendelea kukumbuka ni gunda la nani. Kwa hiyo kaburi lilikuwa ushahidi. Ukitaka kujua shamba ni la nani, uliuliza nani amelala pale.

Wakenya wengi waliupima uzito wa jambo hilo mwaka wa 1987, baada ya wakili S. M. Otieno kufariki Desemba 1986, mjane wake, Wambui Otieno, alipopambana mahakamani na ukoo wa mumewe wa Umira Kager kuhusu mahali pa kumzika. Nchi nzima ilifuata kesi ile kwa miezi mitano. Ukoo ulishinda, akazikwa Nyalgunga, Siaya. Kesi ile haikuwa ya ardhi, lakini ilionyesha kitu ambacho mnunuzi wa ploti anapaswa kukielewa: kaburi ni dai.

Jina moja kwenye rejista

Karatasi ililetwa na serikali ya kikoloni. Mpango wa Swynnerton wa 1954, uliotungwa wakati wa vita vya Mau Mau, ulisema Mwafrika akipewa shamba lililopimwa na hati yenye jina lake, atakopa, atalima mazao ya biashara na atatulia. Sheria ya kuandikisha ardhi za Waafrika ikaja 1959. Mwaka wa uhuru, 1963, ikapitishwa Sheria ya Ardhi Zilizosajiliwa, maarufu kama Sura ya 300, na mwaka wa 1968 Sheria ya Kuamua Umiliki wa Ardhi, ambayo chini yake maofisa walikwenda kijiji hadi kijiji wakisikiliza madai na kuchora mipaka.

Wakati huo Migori na Homa Bay zote zilikuwa ndani ya wilaya moja, Nyanza Kusini, makao makuu yakiwa Homa Bay. Ofisa alifika na wazee, wakapita mipaka, na mwisho wa siku fomu ilitaka jina la mwenye shamba. Mara nyingi liliandikwa jina la mwanamume mmoja: baba, au mtoto mkubwa, au yule aliyekuwepo siku hiyo. Mama aliyelima pale miaka ishirini hakuandikwa. Mdogo wake mwenye shamba aliyekuwa kazini Mombasa au Kampala hakuandikwa. Jadak pengine aliandikwa kana kwamba ni mwenyewe, pengine akafutwa kabisa. Msomi Achola Pala Okeyo aliandika mwaka wa 1980 jinsi mabadiliko haya yalivyowaacha wanawake Waluo wakiwa na kazi ya shamba lakini bila sauti juu ya hatima yake.

Kijijini hakuna aliyeona shida kubwa. Walidhani jina lile ni la mwakilishi tu, kama vile mtu mmoja anavyoweza kushika kadi ya benki ya kikundi. Sheria ilidhani vingine. Katika kesi ya Obiero dhidi ya Opiyo ya 1972, mwenye taito alishtakiana na jamaa waliodai haki za kimila kwenye shamba lile. Jaji Bennett alisema kwamba hata kama walikuwa na haki za kimila, zilikufa siku shamba lilipoandikishwa kwa jina la mwingine. Kwa mnunuzi wa mjini, hii ilikuwa habari njema sana: soma rejista, lipa, ingia. Mizigo yote ya zamani imefutwa.

Hata hivyo, Sura ya 300 yenyewe iliacha mlango wazi. Kifungu cha 30 kilitaja haki zinazofunga ardhi hata kama hazikuandikwa popote, ikiwemo haki ya mtu anayekaa humo, isipokuwa kama aliulizwa na hakusema. Soma tena hiyo sentensi. Tangu 1963 sheria ilitarajia kwamba mnunuzi atatoka ofisini, aende shambani, amkute mtu anayelima, amuulize: "Wewe uko hapa kwa haki gani?" Kwa miaka karibu hamsini mahakama zilibishana kama mlango huo unawatosha watu wa mila. Mnunuzi wetu wa Nairobi hakujua hata kwamba mlango upo.

Pesa chungu

Kijijini, wakati huohuo, watu walikuwa na maoni yao kuhusu biashara hii. Mwanaanthropolojia wa Marekani Parker Shipton, aliyefanya utafiti Nyanza Kusini katika miaka ya 1980, aliandika kitabu kifupi mwaka wa 1989 kuhusu kitu ambacho Waluo waliita pesa makech, yaani pesa chungu. Pesa ya kuuza ardhi ilikuwa mojawapo. Nyingine zilikuwa za dhahabu, tumbaku, bangi na hata za kuuza jogoo wa boma. Mtu wa Migori akisoma orodha hiyo atatabasamu, maana dhahabu na tumbaku vimelisha watoto wengi kule. Pesa chungu haikufaa kulipa mahari wala kununulia ng'ombe wa mahari bila kutakaswa kwanza, kwa sababu ingeleta maafa nyumbani. Kosa la muuza ardhi lilikuwa hili: ameuza peke yake kitu cha wengi, wakiwemo waliolala chini na wale ambao hawajazaliwa.

Katika kitabu kingine cha 2009, Shipton alionyesha yaliyowapata wakopeshaji. Taasisi kama Shirika la Fedha za Kilimo zilikopesha kwa dhamana ya taito, kama Swynnerton alivyoota. Mkopaji aliposhindwa kulipa, mnada uliitishwa, na hapo ndipo ngoma ilipoanza. Kununua shamba lenye makaburi ya watu, kati ya jamaa za mwenye shamba, kulikuwa kujitafutia balaa. Taito ilikuwa sawa kabisa. Kuishi pale ndiko kulikokuwa kugumu.

Kwa hiyo kufikia miaka ya 1980 kulikuwa na rejista mbili: moja ofisini, yenye jina moja, na nyingine kijijini, yenye majina mengi na makaburi. Muuzaji mjanja anasimama katikati ya hizo mbili. Anakuonyesha ya kwanza na kunyamaza kuhusu ya pili.

Serikali nayo ikaongeza masharti

Si mila tu iliyozifunga ardhi hizi. Bunge lenyewe limekuwa likiongeza masharti ambayo hayaonekani ukiangalia jina la mwenye shamba tu.

La kwanza ni bodi ya ardhi. Sheria ya Kudhibiti Ardhi ya 1967 inasema kuuza shamba la kilimo katika eneo lililotangazwa, au kuligawanya, kunahitaji idhini ya bodi. Maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba, ingawa mahakama inaweza kuongeza muda. Bila idhini, mauziano ni batili. Kwa desturi, bodi nyingi hutaka mke na watoto wazima waje waseme kama wanajua shamba linauzwa. Ndiyo maana muuzaji mwenye siri hukwambia, "Mambo ya bodi tutamalizia baadaye."

La pili ni urithi. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, hairuhusu ardhi ya marehemu kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi wa mirathi. Mtoto anayekuuzia "shamba la mzee" wakati taito bado ina jina la mzee aliyefariki hana cha kukuuzia. Ana matumaini tu. Na kujiingiza kwenye mali ya marehemu bila mamlaka ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 45.

La tatu ni ndoa. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inasema mali ya ndoa ya mke mmoja haiwezi kuuzwa bila ridhaa ya wote wawili. Angalia maneno hayo, "ndoa ya mke mmoja." Katika boma la wake watatu, ambalo si ajabu Migori wala Homa Bay, wake wale watategemea zaidi bodi ya ardhi na hoja ya kwamba mume alishika shamba kwa niaba yao.

La nne ni mazingira na barabara. Ukingo wa Ziwa Victoria na wa mito una eneo la hifadhi ambalo hata mwenye taito hawezi kujenga apendavyo. Mwaka wa 2020 ziwa lilipanda na kuingia majumbani, na watu wengi wakajifunza kwa maji ya magotini. Vivyo hivyo kwa ploti za kando ya barabara kuu: ukuta wa duka unaweza kuwa umesimama ndani ya ardhi ya barabara, na muuzaji ameshaona alama nyekundu ya X akaipaka rangi.

Mila inarudi mahakamani

Mwaka wa 2012 Sura ya 300 ilifutwa, ikaja Sheria ya Usajili wa Ardhi. Kifungu chake cha 28 kinataja wazi kwamba amana za kimila zinaifunga ardhi hata kama hazikuandikwa kwenye rejista. Kisha mwaka wa 2018, katika kesi ya Kiebia dhidi ya M'Lintari iliyotoka Meru, Mahakama ya Juu iliuacha mstari wa Obiero. Ilisema aliyeandikishwa shamba la ukoo anaweza kuwa amelishika kwa niaba ya wengine, na kwamba anayedai si lazima awe anaishi humo. Ilitaja mambo ya kuthibitisha: kwamba kabla ya kuandikishwa shamba lilikuwa la familia au ukoo, kwamba mdai ni wa familia hiyo na uhusiano wake si wa mbali mno, kwamba angestahili kuandikishwa isipokuwa kitu fulani kilizuia, na kwamba dai linamlenga mwenye taito ambaye naye ni wa familia.

Hilo la mwisho ni muhimu kwako wewe mnunuzi. Kesi ile ilikuwa ya ndugu kwa ndugu. Wewe ni mtu wa nje, na wakili wako atalisema hilo kwa sauti. Wakili wa yule mama naye atafungua kifungu cha 28 na kusema mzigo uko kwenye ardhi yenyewe, haujali nani ameinunua. Mnaweza kubishana miaka mingi.

Nalo tegemeo la "mimi nilinunua kwa nia njema" limepungua nguvu. Katiba ya 2010, ibara ya 40, hailindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Na mwezi wa Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management kuhusu ardhi ya ufukweni Mombasa, Mahakama ya Juu ilisema taito yenye mzizi mbovu haimwokoi mnunuzi. Mombasa ni mbali na Homa Bay na ardhi ile ilikuwa ya umma, lakini funzo linasafiri: haitoshi kutazama karatasi ya leo, lazima uulize karatasi hiyo ilizaliwaje.

Sasa muuzaji alinyamaza. Ufanye nini?

Kenya ilirithi sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na ndani yake kanuni ya zamani: mnunuzi ajihadhari. Kwa kawaida kunyamaza si kudanganya. Ukuta wenye ufa unaoonekana ni macho yako. Lakini kanuni hiyo haikuwahi kumruhusu muuzaji kuficha kasoro ya umiliki ambayo mnunuzi mwangalifu asingeweza kuigundua. Wala haimlindi aliyesema uongo, au aliyesema nusu ya ukweli. Muuzaji aliyekwambia "shamba halina kesi" huku akijua ndugu zake wanalidai hajanyamaza. Amedanganya.

Kutokana na hapo, njia zako ni hizi.

Kwanza, simama. Kama hujamaliza kulipa, usilipe zaidi. Weka ilani ya tahadhari kwenye rejista ili muuzaji asimuuzie mtu mwingine huku wewe ukitafakari. Usiendelee kujenga. Kila tofali unaloongeza baada ya kujua tatizo linadhoofisha hoja yako kwamba ulitaka kujitoa.

Pili, vunja mkataba na udai pesa zako. Kama ulishawishiwa na maelezo ya uongo, unaweza kuiomba mahakama iufute mkataba, urudishiwe ulicholipa, na ulipwe fidia ya hasara. Kama tatizo ni idhini ya bodi, kifungu cha 7 cha ile sheria ya 1967 kinasema ulicholipa kinarudishwa kama deni. Hiyo ni njia iliyonyooka kuliko zote, maana huhitaji kuthibitisha ulaghai. Unathibitisha tu kwamba ulilipa na idhini haikupatikana. Ndiyo maana risiti, ujumbe wa M-Pesa na taarifa ya benki vina thamani kuliko kumbukumbu ya shahidi.

Tatu, ukiamua kupigania shamba lenyewe, kuna njia ya haki na usawa. Katika kesi ya Kitilit dhidi ya Kibet ya 2018, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba muuzaji aliyepokea pesa na kumwingiza mnunuzi shambani hawezi kujificha nyuma ya kukosekana kwa idhini ya bodi ambayo yeye mwenyewe hakuitafuta. Lakini angalia inamfunga nani. Inamfunga muuzaji mwenye ardhi. Haimfungi mjane ambaye hakuuza kitu wala hakupokea shilingi.

Nne, kama uliuziwa na mrithi kabla ya mirathi, usijipange kwenye foleni ya wadai wa marehemu. Hukumkopesha marehemu. Unamdai aliyekuuzia: ama fungu lake likishathibitishwa, kama lipo, ama pesa zako.

Tano, polisi. Kupata pesa kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo chake hadi miaka mitatu. Vitisho vya kesi ya jinai huwafanya wauzaji wengine kuita kikao haraka. Ila jinai humwadhibu mtu. Pesa zako bado utazidai kwa njia ya kawaida.

Sita, kikao. Ibara ya 159 ya Katiba inatambua usuluhishi na njia za jadi. Mbele ya wazee na chifu, familia ya yule mama inaweza kukubali kukuonyesha kipande kingine kisicho na makaburi, au kumlazimisha kijana wao arudishe pesa kidogo kidogo. Makubaliano yakipatikana, yaandikwe na yatiwe saini. Mdomo ulishakuponza mara moja.

Na saa inakimbia. Dai la mkataba lina miaka sita. Dai la ardhi lina miaka kumi na miwili. Kama jambo lilifichwa kwa ulaghai, muda huanza kuhesabiwa siku ulipogundua, au siku ambayo mtu mwangalifu angegundua. Hakimu mkuu anaweza kusikiliza mgogoro wa ardhi ya thamani isiyozidi shilingi milioni 20, kwa hiyo si lazima kila kesi iende mbele ya jaji.

Ukizipanga njia hizi pamoja utaona zinaelekea upande mmoja. Sheria ya Kenya iko tayari kukurudishia pesa kuliko kukupa lile shamba. Kwa kijana aliyeshaona nyumba yake kichwani, rangi ya dari na mahali pa tenki la maji, hilo linauma. Watu hupoteza miaka kumi wakipigania ploti kwa sababu kudai pesa kunafanana na kushindwa. Lakini huo uchaguzi una mantiki ya kihistoria. Muuzaji alikukosea, na unaweza kumlipisha. Mama yule hakukukosea. Haki yake ni ya zamani kuliko rejista, ilifutwa kwenye karatasi bila yeye kuulizwa, na imechukua miaka zaidi ya arobaini mahakama kuikubali tena. Ukimshinda, utakuwa umemaliza kazi iliyoachwa na yule ofisa aliyehitaji jina moja kwenye fomu.

Siku ambayo bado hujalipa

Ndiyo sababu pesa yako inalindwa vizuri zaidi kabla haijatoka mfukoni. Sachi fanya, lakini usiishie kwenye jina la leo. Omba historia ya taito na rekodi za wakati wa kupima. Kama mwenye jina amefariki, omba hati iliyothibitishwa, na usikubali "inakuja." Mwandikie muuzaji maswali, naye ajibu kwa maandishi: Nani anaishi hapa? Nani analima? Kuna kaburi? Mke wako anajua? Kuna kesi, hata ya kwa chifu? Akijibu uongo, jibu lake linakuwa ushahidi. Akikataa kujibu, umeshajibiwa. Weka kwenye mkataba kwamba pesa kubwa italipwa idhini ya bodi ikishatoka, na hakikisha mkataba una saini na mashahidi, maana bila hivyo mahakama haitaushika.

Halafu nenda mwenyewe, bila muuzaji na bila dalali. Fika asubuhi watu wakiwa shambani. Salimia. Tafuta nyumba ya jirani yenye mtu mzee, ukae kama utaombwa ukae, na unywe chai kama itakuja. Sema umeambiwa shamba lile linauzwa, na ungependa kujua wanaolala pale ni akina nani. Sheria ilikutaka uulize hivyo tangu 1963.